Pazia la Gunia Kati ya Rubani na Mwongoza Njia

Kisanduku kile hakikupaa hata siku moja, na bado ndicho kilichoniangusha. Nitaeleza kwanza jinsi kilivyojengwa, maana asiyelijua umbo lake hataelewa kwa nini kila nilipokaa ndani yake na rafiki yangu, ndege yetu ilikwenda kushoto.

Kilikuwa nyuma ya ukumbi wa shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Aliyekijenga ni mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye haraka ya maneno na subira ya mikono. Ujanani mwake, wakati wa vita vikuu, alikuwa amehudumia mitambo katika uwanja wa kufunzia marubani, na huko alikiona chombo ambacho hakuweza kukisahau: sanduku lenye mabawa mafupi na kifuniko, ambamo mwanafunzi alifungiwa ajifunze kurusha ndege bila kuona chochote isipokuwa vipimo vilivyo mbele yake. Nje, mezani, kifaa kidogo chenye magurudumu kilitambaa juu ya ramani na kuchora njia ambayo ndege hiyo isiyoruka ingeipita. Marubani walikiita kaa, kwa jinsi kilivyokwenda.

"Waliofia ndani ya sanduku," mwalimu alipenda kutuambia, "walitoka wakanywa chai. Waliokataa kufia sandukuni ndio waliofia angani."

Cha kwetu kilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya kusafirishia majani ya chai, na mtu akiingia alipokewa na harufu ya chai kavu. Ndani mlikuwa na viti viwili, bega kwa bega, kwa sababu mwalimu alikuwa amekata gazetini picha ya ndege mpya za kivita za nchi yetu, jeti ndogo ambazo watu wake wawili huketi hivyo, na hakutaka chombo chake kiwe kinyume na picha. Kati ya viti ulisimama usukani, kijiti cha mti wa mwiroba kilichopigwa msasa vizuri. Rubani alikaa kushoto na kukishika kwa mkono wa kulia. Mwongoza njia alikaa kulia akiwa na dira, saa, penseli na ubao wa hesabu. Waya za breki za baiskeli zilipita chini ya sakafu hadi mezani, zikageuza mshale wa shaba. Mwalimu aligonga dawati kwa rula, na kwa kila pigo mwanafunzi aliyesimamia meza alimsukuma kaa upana wa kidole kuelekea mshale ulikoelekea. Juu ya ramani tuliyoichora wenyewe kulikuwa na uwanja wa ndege wa Suneka upande wa magharibi, halafu mji wa Kisii, ukuta wa mawe wa Manga, mashamba ya Nyansiongo mashariki, kilima cha Kiabonyoru, na Magwagwa kaskazini.

Safari ilikuwa moja na haikubadilika. Tuliondoka Suneka, tukaruka chini chini hadi Nyansiongo, ambako kipande cheupe cha jiwe la sabuni kilisimama badala ya ghala la mafuta la adui. Tulilipiga ghala, tukageuka kaskazini kuelekea Magwagwa, tukiwa na Kiabonyoru upande wetu wa kushoto. Kisha tukarudi Suneka tukipita juu ya Manga. Hatukuona lolote kati ya haya. Juu yetu palifunikwa blanketi, taa ndogo ya betri ilimulika dira, na nje mwalimu alitutangazia upepo na kupiga debe kwa nyundo, ndiyo mizinga ya adui. Mwongoza njia alipaswa kujua mahali alipo kwa mambo matatu tu: ameelekea wapi, kwa kasi gani, kwa muda gani. Kisha aondoe kile ambacho upepo umeongeza au umepunguza, na atoe amri ya kupinda, kwa digrii za dira.

Sijui kama naweza kueleza jinsi kazi ile ilivyonikamata. Nimekulia kwenye mteremko juu ya Magwagwa, mahali ambapo asubuhi ukungu hujaa bondeni hadi mlangoni, na mtu humsikia jirani yake akikohoa bila kujua amesimama upande gani. Kwamba palikuwa na njia ya kuwa katikati ya weupe ule na kusema kwa hakika, niko hapa, si pale, kwa hesabu na penseli, kulinifanya nisahau chakula. Wenzangu walitaka kuwa marubani. Mimi nilitaka kuwa yule wa kiti cha kulia.

Na haikuwa ndoto ya bure. Mwalimu alimfahamu ofisa mmoja wa jeshi la anga, ambaye angekuja Kisii mwishoni mwa muhula wa pili pamoja na wale wa kuandikisha askari. Ofisa alikuwa ameahidi kupita shuleni, kutazama jozi moja ikiruka, na kama angeridhika, kupendekeza majina yao kwa usaili wa wanafunzi wa urubani na uongozaji njia. Jozi moja, nafasi moja. Sisi wawili ndio tuliokuwa jozi hiyo.

Rafiki yangu alitoka Nyansiongo. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliopata shamba wazungu walipoondoka, na kijana alikuwa amekulia penye uwanda na nyua zilizonyooka, akiendesha trekta kabla ya kuota ndevu. Mikono yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Hesabu hakuzipenda. Mimi nilikuwa na hesabu, na mikono iliyotetemeka nikishika hata kikombe. Katika muhula wa kwanza tulikuwa mtu mmoja mwenye vichwa viwili, na lugha yetu mle ndani haikuwa ya kanisani.

"Kulia kumi, we ndama wa mzungu! Umelala?"

"Kumi hizo umezihesabu kwa vidole vya nani? Kwenu ng'ombe hufungwa kamba wasiporomoke, leo unanifundisha kwenda sawa?"

"Kulia kumi nimesema!"

"Nimeshapinda, mbuzi wa mlimani. Tazama dira yako."

Mwalimu alisikia matusi yale kupitia mbao na hakuyakataza. Alikuwa ameweka Kiswahili kuwa lugha ya kisanduku, kile Kiswahili cha kambini alichokirithi vitani, na aliamini kwamba amri ya angani haina nafasi ya adabu. Kaa alitambaa juu ya ramani akirudi Suneka kama mbwa anayerudi kwao.

Likizo ya mwezi wa nne ilipofika, nilimwalika rafiki yangu nyumbani Magwagwa. Sikuona hatari yoyote katika mwaliko ule, na mpaka leo sioni jinsi ambavyo mtu mwingine angeiona. Tulifika mchana. Mama alitupa uji wa wimbi, na tulikuwa tumekaa nje tukisukumana na kucheka wakati baba yangu aliporudi kutoka kituo cha kuuzia chai, kikapu kitupu mgongoni. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mpole, na alifanya kile ambacho kila baba wa kwetu hufanya mgeni akifika: alimuuliza ni wa nani.

Rafiki yangu alimtaja baba yake. Baba yangu alitaka kujua huyo alizaliwa na nani. Rafiki akamtaja babu yake, na mlima ambako babu huyo aliishi kabla ya watoto wake kuhamia Nyansiongo. Baba yangu aliweka kikapu chini.

"Huyo babu yako, mama yake alikuwa na alama hapa shavuni?"

"Wanasema alikuwa nayo."

"Basi babu yako na babu yangu ni wa tumbo moja." Uso wa baba uling'aa. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwinua kitini kama anayepima uzito wake. "Wewe ni mdogo wangu! Tumekutafuta tangu mlipohama!" Kisha akanigeukia, akasema kwa furaha isiyo na doa, "Huyu ni baba yako. Mpishe kiti."

Rafiki yangu alicheka. Alikuwa peke yake aliyecheka, na alipoona hivyo aliacha.

Msomaji ambaye si wa kwetu anapaswa kujua kwamba neno hili halikuwa la mzaha wala la heshima ya mdomo tu. Kwetu mtu wa kizazi cha baba yako ni baba yako, hata kama mmelingana umri, hata kama amezaliwa nyuma yako kama huyu alivyozaliwa. Na kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto pana haya tunazoziita chinsoni. Mtoto hamtanii baba. Hamwamuru. Hawaogi mto mmoja wakaonana, hawalali kitanda kimoja, wala miili yao haigusani pasipo sababu. Babu na mjukuu wanaweza kutukanana asubuhi mpaka jioni, na watu wakafurahi. Baba na mwana hawawezi. Anayevunja haya hizo hapigwi wala hashtakiwi. Anaonewa huruma, kama mtu asiye na wazazi.

Siku ileile mambo yalipangwa upya. Tulikuwa tulale katika kibanda changu. Mama alichukua mto wa pili, na rafiki yangu akapelekwa kwa jirani mwenye chumba cha wageni. Tulikuwa tuoge mtoni. Nilibeba karai la maji ya moto nikaliweka nyuma ya migomba, nikaondoka nikiangalia chini. Wakati wa chakula alikaa na baba yangu, na mimi nikawanawisha mikono. Aliponyoosha mikono yake juu ya beseni alinitazama mara moja, akitaka nicheke ili naye acheke. Baba alikuwa akitutazama. Nilimimina maji.

Tuliporudi shuleni tuliapizana kwamba kisanduku si nyumbani, na kwamba mambo ya Magwagwa yatabaki Magwagwa. Tuliingia ndani. Mwalimu akagonga rula yake. Safari ya kwenda Nyansiongo ilikuwa nzuri kiasi, kwa kuwa mwelekeo ulikwisha kupangwa na sikuwa na la kuamuru. Tulipopiga ghala ikabidi nimgeuze kaskazini. Nilifungua kinywa kusema, "Kushoto, mia moja!" na nikajisikia nikisema, "Sasa, tata, kama uko tayari, huenda ingefaa tukielekea kushoto kidogo." Tata kwetu ndiye baba. Neno lilikuwa limetoka kabla sijaliita. Tulipogeuka, kaa alikuwa amekwisha kuvuka mpaka wa ramani na kuingia nchi ya watu wengine.

"Huenda ingefaa?" mwalimu alipaza sauti nje. "Huenda? Unaomba uji?"

Hilo la maneno lilikuwa nusu ya balaa. Nusu ya pili ilikuwa ya miili. Viti vilikuwa vyembamba, na zamani mabega yetu yaligongana bila yeyote kujali. Sasa nilijibana kwenye ubao wa kulia, na rafiki yangu, naye akijua mimi ni nani kwake, alijivuta kushoto asiniguse. Alipojivuta, mkono wake ulijivuta, na usukani ukafuata mkono. Hatukuhisi. Dira ilihama pole pole mno, na kila nilipoliona kosa nilihitaji sentensi ndefu kulitaja. Kaa aliegemea kushoto siku hiyo, na kesho yake, na kila siku tuliyoruka, hadi akapanda Kiabonyoru.

Mwalimu aliamini katika sababu zinazoshikika. Alilala chini ya kisanduku akakaza waya, akabadilisha upande wa springi, akatia mafuta, akapima kijiti kwa timazi. Jozi nyingine zilipoingia, mshale ulisimama wima. Tulipoingia sisi, ulikwenda kushoto. Jambo hili lilimkasirisha kuliko kama tungekuwa wajinga, maana alijua sisi si wajinga. Siku moja nilikusanya ujasiri nikamwambia ukweli.

"Mwalimu, tatizo si waya. Huyu ni baba yangu."

Alitoa kichwa chini ya kisanduku, kipaji cha uso kimepakaa mafuta, akanitazama mimi, akamtazama rafiki yangu ambaye bado alikuwa na chunusi.

"Na mimi ni nyanya yako," alisema. "Ingia ndani."

Darasa zima lilicheka. Aliyecheka zaidi ni mwenzetu aliyesimamia meza ya kaa. Huyu alikuwa wa ukoo wetu, na kwa hesabu ileile ya baba yangu alikuwa mjukuu wa rafiki yangu. Kwake habari ile ilikuwa sherehe. Alimwita rubani wetu babu mchana kutwa, akamuuliza kama bado anatafuna mahindi, akampelekea fimbo ya kutembelea. "Babu, shika usukani kwa ufizi!" alipiga kelele nje, na rafiki yangu alimjibu matusi mazuri, yaliyojaa, kama yale aliyokuwa akinipa mimi. Niliyasikia kutoka kiti changu cha kulia kama mwenye njaa anayesikia sufuria ya jirani ikikorogwa. Tuliwaza hata kumpa huyo mjukuu kazi yangu. Alikuwa na sauti yote iliyohitajika, na hakuweza kutoa kumi kwenye mia bila kuandika.

Tulijaribu Kiingereza, tukidhani lugha isiyo na wajomba wala mashangazi itatuacha huru. Amri zilitoka zimeinamisha kichwa vilevile. Tulijaribu kubadilishana viti, baba aongoze na mwana aendeshe, jambo ambalo kwa mila lilikuwa barabara kabisa. Lakini mikono yangu ilimpeleka kaa kama mlevi, na hesabu zake zilituweka Tanganyika. Katika darasa la Kilatini nilikuwa nikiamuru majeshi yote ya Roma bila kigugumizi. Kwa kijana mmoja wa Nyansiongo nilishindwa kusema "kulia".

Dawa ilipatikana kwa rafiki yangu. Alikuja na gunia la mahindi la kwao, akalipasua, akalitundika kwa misumari kati ya viti viwili, na kuacha tundu la mkono penye usukani. Tuliingia kila mmoja kwa upande wake. Mimi sikumwona mtu, niliona gunia. Na gunia halikuwa baba wa mtu yeyote. Mabega yetu yaligusa kitambaa, hayakugusana. Mwalimu akagonga rula.

"Kushoto mia moja!" nilisema.

"Mia moja," gunia lilijibu.

"Upepo wa mashariki. Kulia kumi na tano."

"Kumi na tano. Soma haraka, huko kwenu giza linaingia mapema."

Sijui kama alikusudia kulisema hilo la mwisho. Nilicheka hadi penseli ikaanguka. Kaa alirudi Suneka, akasimama katikati ya uwanja, na yule mjukuu akapiga mbinja. Mwalimu aliligusa gunia ukingoni kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Pazia, mwalimu."

"Ndege haina pazia." Akatazama ramani tena. "Lakini kama gunia linanyoosha waya, acha gunia likae."

Wiki zilizofuata tuliruka kila alasiri isipokuwa Sabato, na kila mara tulirudi. Nilianza kuandika barua ya maombi kichwani. Nilianza, Mungu anisamehe, kutembea kama mtu anayevaa sare.

Ofisa alikuja mchana wa jua kali, viatu vyake vikiwa na vumbi jekundu la uwanja wa michezo ambako vijana wa mji mzima walikuwa wakikimbizwa na kupimwa vifua. Alikuwa mtu wa mbali, wa pwani kwa matamshi yake, mchangamfu. Alizunguka kisanduku, akakigonga, akanusa, akasema hajawahi kuona ndege inayonukia chai. Mwalimu aling'aa. Kisha ofisa akaingiza kichwa ndani.

"Nani ametundika pazia la jikoni ndani ya ndege ya kivita?"

Mwalimu alianza kusema kitu kuhusu waya, akasita, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua angemaliza vipi.

"Lifae au lisifae," ofisa alisema, "hawa wawili lazima waonane. Mmoja akipigwa risasi, mwenzake atajuaje? Ataambiwa na gunia?" Alicheka, akaling'oa, misumari ikalia. Akalikunja mara nne, akaliweka juu ya benchi la mbao, akalikalia. "Haya. Rukeni."

Tuliingia. Nakumbuka jinsi rafiki yangu alivyonitazama kabla blanketi halijashuka. Hakuwa na ubaba wowote usoni, alikuwa akinisihi. Akainua bega lake la kulia, kwa makusudi, akaligusisha na langu, kama kusema, tazama, hakuna linalotokea. Nilijibana ubaoni kabla sijafikiri. Nikaona uso wake ukijifunga.

Tulifika Nyansiongo salama. Tulilipiga ghala. Kwenye mpindo wa kaskazini niliuma meno, nikasema, "Kushoto mia moja," kwa sauti ndogo lakini niliisema, na usukani ukatii. Nilidhani tumepona. Hapo ndipo mwalimu, ambaye alitaka kumwonyesha mgeni wake kila tulichoweza, akatangaza upepo mkali wa mashariki na kuanza kupiga debe kwa nguvu zake zote. "Adui nyuma yenu! Adui nyuma yenu!"

Jibu nilikuwa nalo. Nalisema leo bila majivuno, kwa kuwa halikunifaa kitu: kabla ya pigo la pili la debe nilikuwa nimekwisha kuichora pembetatu ya upepo, na nilijua kwamba upepo unatusukuma Kiabonyoru, kwamba rafiki yangu amejivuta kushoto na usukani pamoja naye, na kwamba kulia ishirini, papo hapo, kungetuvusha. Neno moja na namba moja. Debe lililia, bega lake lilikuwa upana wa kiganja kutoka langu, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ile ninayoitumia nikipita mbele ya baba yangu akiwa na wageni.

"Tata, samahani, kama haitakusumbua, naona kama kulia..."

Debe likanyamaza. Ofisa aliinua blanketi. Mezani, kaa alikuwa amesimama juu ya mistari ya Kiabonyoru, na mjukuu alikuwa ameondoa mkono, hacheki.

"Mwongoza njia," ofisa alisema, "ulikuwa unaomba ruhusa ya nani?"

Rafiki yangu alijibu, wima, kwa Kiswahili chake kilichopinda kidogo.

"Ni mtoto yangu, afande."

Ofisa alimtazama, akanitazama. Hakukasirika. Nadhani alingoja mtu amweleze mzaha ulipo. Alipoona hauji, alimvuta mwalimu kando, lakini sauti yake ilikuwa ya uwanjani na tuliisikia. Rubani ana mkono, alisema. Mkono huo haufundishwi. Huyu mwingine hesabu zake ni safi, ameziona ubaoni. "Lakini hana sauti. Mtu atakayekufa kwa adabu, na mwenzake afe naye, simpeleki angani." Akaandika jina moja.

Nilitamani kumwambia kwamba sauti ninayo. Nilitamani amwite mtu mwingine yeyote katika shule ile, akae kiti cha kushoto, aone. Mwalimu alimwomba hilo kwa niaba yangu, mikono imefunguka. Lakini askari wa kuandikishwa walikuwa wakingoja juani, na gari lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Rafiki yangu aliondoka wiki chache baadaye. Baba yangu alishuka kutoka Magwagwa kuja kumuaga mdogo wake, akiwa amevaa koti la kanisani, na mimi nilibeba sanduku la bati la msafiri hadi kituo cha basi mjini, kwa sababu ndivyo mwana anavyofanya. Lilikuwa zito. Zamani angelishika upande mmoja na kunitukana kwa uvivu njia nzima. Alitembea mbele pamoja na baba yangu, mikono mitupu.

Alipokwisha kukaa dirishani aliinama nje. Nilimwona kinywa kikijipinda upande, vile kilivyokuwa kikijipinda mle ndani ya giza la blanketi kabla ya tusi jipya, na nilisogea karibu nilipokee. Baba yangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Rafiki yangu akamwona, kinywa kikanyooka.

"Soma kwa bidii, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, tata."

Basi lilipanda kuelekea Keroka.

Nilirudi shuleni kwa miguu. Nyuma ya ukumbi mwalimu alikuwa amelala chini ya kisanduku, miguu nje, akiomba koleo. Nilimpa. Alikaza kitu, akatoka, akajipangusa, akaingia ndani peke yake akakaa kiti cha kushoto, akaniambia nisimamie meza. Nikagonga rula kwa mkono mmoja na kumsukuma kaa kwa mkono mwingine. Kutoka Suneka hadi Nyansiongo, kutoka Nyansiongo hadi Magwagwa, mshale haukutikisika. Kaa alikwenda kama aliyevutwa kwa uzi.

Mwalimu alitoa kichwa.

"Umeona?" alisema, na hasira ilikuwa karibu kumliza. "Umeona mwenyewe? Hakina kasoro. Hakijawahi kuwa na kasoro."